Aliyenyamaza na aliyekatika

"Kuna mwenye pingamizi?"

Kwenye ukumbi wa majadiliano ya Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi, swali hili la mwenyekiti huchukua sekunde tatu. Anainua macho kutoka kwenye karatasi, anapitisha jicho meza kwa meza, anatafuta kibao cha jina la nchi kilichosimamishwa wima. Vibao vyote vikiwa vimelala, anagonga nyundo, na sentensi iliyopiganiwa miaka mitano inageuka uamuzi.

Sasa mweke mwenyekiti huyohuyo mbele ya kompyuta, Juni 2021, korona ikiwa imehamishia kikao mtandaoni. Kwenye kioo kuna miraba midogo, nusu yake myeusi. Anauliza swali lilelile. Kimya. Mjumbe mmoja amenyamaza kwa sababu ameridhika. Wa pili anazungumza kwa jazba, ila maikrofoni yake imezimwa. Wa tatu intaneti yake ilikatika dakika nne zilizopita, na picha yake imeganda akiwa ameinamisha kichwa, mithili ya mtu anayekubali.

Nani amenyamaza, na nani amekatika?

Swali hilo limenikaa kichwani wiki kadhaa. Kila nikisoma tathmini ya namna janga la korona lilivyougusa ushirikiano wa kimataifa kuhusu tabianchi, nakuta majibu ya aina mbili. Moja linasema mwaka mzima ulipotea. La pili linasema mikutano ilihamia mtandaoni na maisha yakaendelea. Yote mawili hayanishibishi, kwa kuwa yanauzungumzia ushirikiano kama gari moja ambalo ama linatembea au limezimika. Kilichotokea kati ya 2020 na 2021 ni kwamba baadhi ya magurudumu yalizunguka kwa kasi na mengine hayakusogea hata inchi. Ukitazama ni yapi yalizunguka, unaanza kuona gari lenyewe limeundwaje.

Habari ya anga kutakata tuimalize mapema. Mwanzoni mwa Aprili 2020 utoaji wa hewa ukaa kwa siku ulishuka kwa takriban asilimia 17 ukilinganisha na wastani wa 2019. Mwaka mzima ulipohesabiwa, mshuko ulikuwa kama asilimia 5, na mwaka 2021 karibu wote ukarudi. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilikadiria kwamba mshuko huo pekee ungepunguza joto la dunia kwa kiasi kisichozidi nyuzi 0.01 ifikapo 2050. Hapo hakuna mjadala mrefu.

Mjadala uko kwenye vyumba vya majadiliano.

Ahadi za mtu mmoja

Tarehe 22 Septemba 2020, Rais Xi Jinping alihutubia Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kwa video iliyorekodiwa na kutangaza kwamba China itafikia ulinganifu wa kaboni, yaani hewa ukaa inayotolewa isizidi inayoondolewa, kabla ya 2060. Tarehe 26 Oktoba, Waziri Mkuu wa Japani, Yoshihide Suga, akatangaza lengo la kutoongeza gesi joto angani ifikapo 2050. Siku mbili baadaye, Korea Kusini nayo ikatangaza lengo la 2050. Tarehe 12 Desemba, Makubaliano ya Paris kuhusu tabianchi yalipotimiza miaka mitano, viongozi kwa makumi walipanga foleni mtandaoni kutoa hotuba fupi fupi za ahadi.

Kwa kipimo cha matangazo, mwaka wa karantini ulikuwa mwaka wa mavuno.

Lakini angalia hotuba hizo zinafanana wapi. Hakuna hata moja iliyohitaji mtu mwingine aseme ndiyo. Rais anakaa ofisini kwake, kamera inawashwa, anasoma, kamera inazimwa. Kazi kubwa imefanyika ndani ya serikali yake mwenyewe. Ahadi ni deni, sawa, ila deni hili mdaiwa ndiye aliyejipangia kiasi, tarehe ya kulipa na namna ya kujikagua.

Hata ahadi hizi za peke yako zilikuwa na mgongano wa saa. Kila nchi ilitakiwa kuwasilisha mchango wake mpya au ulioboreshwa wa kitaifa, yaani mpango wake wa kupunguza gesi joto, ifikapo 2020. Uamuzi uleule wa Paris unataka michango iwasilishwe angalau miezi 9 hadi 12 kabla ya mkutano husika, ili sekretarieti ya Mkataba wa tabianchi ipate muda wa kujumlisha. Mkutano wa 26 wa nchi wanachama wa Mkataba huo, COP26, uliposogezwa kutoka Novemba 2020 hadi Novemba 2021, saa hizi mbili zikaachana. Nchi iliyotaka kuchelewa ikaitazama saa ya mkutano. Sekretarieti ikashikilia saa ya kalenda. Kufikia 31 Desemba 2020, pande 75 tu za Makubaliano ndizo zilizowasilisha, na kwa pamoja zilibeba kama asilimia 30 ya gesi joto yote duniani.

Si uvivu mtupu. Mchango wa kitaifa unaanzia kwenye hesabu za gesi joto za sekta kwa sekta, ambazo hukusanywa na watu wanaokwenda viwandani, mashambani na kwenye madampo. Baada ya hapo kuna warsha za wadau, kisha wizara ya fedha, kisha baraza la mawaziri. Mwaka 2020 mtu wa takwimu alikuwa amefungiwa nyumbani na wizara ya fedha ilikuwa inatafuta pesa za mitungi ya oksijeni.

Kazi hufanyika koridoni

Anayeona majadiliano haya kwenye televisheni huona ukumbi mkubwa na hotuba. Huko ndiko kazi hufanyika kwa uchache.

Andiko la majadiliano huanza likiwa limejaa mabano ya mraba. Kila kilicho ndani ya mabano kinabishaniwa, na kipengele kimoja kinaweza kuwa na chaguo la kwanza, la pili, la tatu, na chaguo la nne lisemalo "kusiwe na maandishi". Wasaidizi wawili wa mwenyekiti, kwa kawaida mmoja kutoka nchi iliyoendelea na mmoja kutoka nchi inayoendelea, huongoza kikundi. Kikundi kikikwama, wanasema: nendeni mkazungumze wenyewe, mrudi na maneno. Wajumbe sita au saba wanasimama pembeni, mmoja ameshika kompyuta mkononi kama sinia. Anafuta neno. Mwingine anatikisa kichwa. Wa tatu anamvuta mwenzake kando na kumnong'oneza: sisi tutaachia hapa, ninyi mtuachie kule kwenye kifungu cha uwazi.

Hapo ndipo penye kazi. "Kule" ni chumba kingine, mada nyingine, wajumbe wengine. Maafikiano ya tabianchi ni biashara ya kubadilishana kati ya vyumba, na bidhaa hupita koridoni.

Mtandaoni hakuna korido.

Kikao cha mashirika tanzu ya Mkataba, yale yanayoandaa maamuzi ya COP, ambacho kwa kawaida hukaa Bonn, Ujerumani, wiki mbili kila Juni, mwaka 2021 kilifanyika mtandaoni kwa wiki tatu, kuanzia 31 Mei hadi 17 Juni. Walikubaliana mapema kwamba hakitatoa uamuzi rasmi wowote. Kilichotoka ni madokezo yasiyo rasmi ya wasaidizi wa mwenyekiti, yaani karatasi ambayo kila nchi ina haki ya kusema hainihusu. Wiki tatu za kazi, na mabano karibu yote yakabaki palepale.

Ongeza saa za dunia. Kikao kikianza saa nane mchana Bonn mwezi Juni, Washington ni saa mbili asubuhi na Beijing ni saa mbili usiku, saa ambazo mtu bado yuko macho na akili imetulia. Suva, Fiji, ni saa sita kamili usiku. Apia, Samoa, ni saa saba usiku, na tayari ni kesho yake. Ukizungusha ratiba ili kila mtu aonje usiku, unagawa uchovu kwa haki zaidi, ila huumalizi. Ujumbe wenye watu themanini huweka zamu. Ujumbe wenye watu watatu unamweka mtu yuleyule kwenye fedha saa saba usiku, kwenye mada ya kuhimili athari za tabianchi saa kumi alfajiri, na saa mbili asubuhi anatakiwa ofisini, kwa sababu hajasafiri. Bosi wake anamwona yupo.

Hili la mwisho halisemwi vya kutosha. Safari ya Bonn, pamoja na kero zake zote, humtoa mjumbe wa nchi ndogo kwenye kazi zake za kila siku kwa wiki mbili. Mtandao ulimrudishia kazi zote mbili kwa mshahara mmoja.

Lakini Madrid ilikuwa na korido

Kufikia hapa hoja inaonekana imenyooka: ondoa chumba, unaondoa maafikiano. Kisha unakumbuka Desemba 2019.

Mkutano wa 25 ulifanyika Madrid miezi michache kabla ya dunia kufungwa. Watu walijaa, korido zilijaa, wajumbe walipitiliza muda karibu siku mbili. Na kanuni za Kifungu cha 6 cha Makubaliano ya Paris, zinazohusu masoko ya kaboni, zilikwama vilevile, kama zilivyokwama mwaka mmoja kabla huko Katowice. Korona haikuwa na mkono wake hapo.

Kwa upande wa pili kuna kisa kinachovuruga hoja zaidi. Kati ya 26 Julai na 6 Agosti 2021, Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, liliidhinisha mtandaoni muhtasari wa watunga sera wa ripoti ya Kundi Kazi la Kwanza. Mstari kwa mstari, kwa maafikiano, serikali 195. Ripoti ikatoka tarehe 9 Agosti ikiwa na sentensi isiyo na kona: hakuna shaka kwamba shughuli za binadamu zimeipasha joto anga, bahari na nchi kavu.

Intaneti ileile. Maikrofoni zilezile zinazozimika. Mbona huku ilifaa?

Nadhani jibu liko kwenye aina ya ubishi. Kwenye kikao cha IPCC, wanasayansi ndio walioandika, nao wapo kikaoni. Serikali inaweza kusema sentensi haieleweki, au imeacha jambo, lakini mwandishi ana haki ya kujibu kwamba ushahidi uliomo kwenye sura za ripoti hauruhusu unachokitaka. Kila sentensi ina kitu nje yake cha kuipimia. Ukiiafiki, hujatoa chochote mfukoni. Kwenye Kifungu cha 6, hakuna sura ya kurejea. Ukikubali mikopo ya kaboni (vyeti vya gesi joto iliyopunguzwa, vinavyouzwa sokoni) ya zama za Itifaki ya Kyoto, iliyotangulia Paris, iendelee kutumika, umetoa kitu, na utataka kulipwa mahali pengine. Kuthibitisha sentensi kunawezekana kwenye kioo. Kubadilishana mali kunataka korido.

Nilitaka kuishia hapo. Kisha nikakutana tena na hesabu ya ndege.

Hesabu ya ndege

Shirika la Usafiri wa Anga la Kimataifa, ICAO, lina mpango uitwao CORSIA. Mashirika ya ndege hununua mikopo ya kaboni kufidia utoaji wa safari za kimataifa unaozidi kiwango cha msingi. Kiwango hicho kilipangwa kuwa wastani wa 2019 na 2020.

Chukua mfano wa namba nyepesi. Tuseme 2019 ni 100. Kama 2020 ingekuwa 100 pia, msingi ungekuwa 100. Lakini korona ikashusha 2020, tuseme hadi 40. Msingi unakuwa 70. Safari zikirudi kufikia 90, bado chini ya zamani, shirika linatakiwa kufidia 20. Janga limekaza kanuni bila mtu kuikaza.

Mwezi Juni 2020, dunia ikiwa bado imefungwa, Baraza la ICAO liliamua kwamba kwa awamu ya majaribio, 2021 hadi 2023, msingi utakuwa 2019 peke yake. Kwa namba zetu, msingi unarudi 100. Safari zikiwa 90, hakuna cha kufidia. Mwaka 2021 na 2022 mashirika hayakuwa na mzigo wowote, kwani safari za kimataifa zilikuwa chini ya 2019.

Sikatai kwamba mashirika yalikuwa hoi. Kanuni iliyotungwa bila kufikiria janga ilikuwa inawaumiza kwa bahati mbaya, na kuna hoja ya haki ya kuirekebisha. Linalonikera ni mwendo. Mikutano ya hadhara ilikuwa imefungwa, masaa ya dunia yalikuwa yaleyale, na uamuzi mgumu wa kiufundi ulipatikana miezi mitatu baada ya janga kutangazwa.

Baraza hilo lilikuwa na wajumbe 36, si pande 197 kama Mkataba wa tabianchi wakati huo, na linaweza kupiga kura. Mkataba wa tabianchi hauwezi: kanuni ya 42 ya uendeshaji, ile ya kupiga kura, haijapitishwa tangu mkutano wa kwanza wa Berlin mwaka 1995, kwa hiyo kila kitu huenda kwa maafikiano. Hiyo ni sehemu ya maelezo. Sehemu iliyobaki ni kwamba wenye nguvu walitaka, na walitaka haraka.

Kwa hiyo kioo si kisingizio kamili.

Sindano mbili na majuma saba

Tukija kwenye chanjo, suala la kioo na intaneti linaisha.

Uingereza, mwenyeji wa COP26 kwa kushirikiana na Italia, ilitangaza Juni 2021 kwamba itawapa chanjo wajumbe wasioweza kuipata kwao. Ni tendo jema. Sasa hesabu siku. Mkutano unafunguliwa 31 Oktoba. Kinga kamili huhesabiwa wiki mbili baada ya dozi ya pili, kwa hiyo dozi ya pili iwe imechomwa kufikia katikati ya Oktoba. Ukiweka wiki nne kati ya dozi, ya kwanza iwe katikati ya Septemba. Dozi za kwanza zilianza kutolewa mapema Septemba. Hakukuwa na nafasi ya ndege moja kuchelewa, wala jokofu moja kuharibika.

Tarehe 7 Septemba, mtandao wa Climate Action Network, wenye mashirika zaidi ya 1,500, uliomba mkutano uahirishwe tena. Wakati huo, katika nchi za kipato cha chini, waliokuwa wamepata walau dozi moja walikuwa chini ya watu 3 katika kila 100. Wanaotoka nchi za orodha nyekundu ya Uingereza walikabiliwa na karantini ya hoteli. Baada ya makelele, mwenyeji akakubali kulipia gharama na kupunguza siku kutoka 10 hadi 5 kwa waliochanjwa.

Viongozi wengi wa visiwa vya Pasifiki hawakufika. Mipaka yao ilikuwa imefungwa, ndege zilikuwa za kuhesabu, na kurudi nyumbani kulimaanisha karantini nyingine. Simon Kofe, waziri wa mambo ya nje wa Tuvalu, alituma video akiwa amesimama baharini, suruali imekunjwa, maji magotini, nyuma ya mimbari yenye bendera. Picha ilizunguka dunia nzima. Ila picha haina kibao cha kusimamisha wima.

Uhusiano kati ya chanjo na tabianchi hauishii kwenye usafiri. Oktoba 2020, India na Afrika Kusini ziliomba Shirika la Biashara Duniani lisitishe kwa muda haki miliki za ubunifu kwenye bidhaa za korona. Uamuzi, ukiwa umepunguzwa makali, ulipatikana Juni 2022. Katika miezi hiyo ishirini, serikali zilezile zilikuwa zinakaa meza nyingine zikiambiwa: achaneni na makaa ya mawe, tutawasaidia teknolojia. Mjumbe anayesikia maneno hayo ana kielelezo kipya cha kujibu. Teknolojia ya kuokoa maisha ilipohitajika leo na si 2050, foleni ilipangwaje?

Janga liliwafundisha wajumbe kusoma neno "mshikamano" kwa macho ya mwanasheria.

Pesa zilikuwepo

Nchi tajiri ziliahidi huko Copenhagen mwaka 2009 kufikisha dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020 kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Mwaka huo ulipofika, hesabu ya OECD, shirika la nchi zilizoendelea kiuchumi, ilionyesha bilioni 83.3. Katika fedha za umma zilizohesabiwa, kama asilimia 71 ilikuwa mikopo.

Upungufu ni bilioni 16.7. Mwaka huohuo, kwa hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, hatua za kifedha za serikali duniani dhidi ya korona zilikaribia dola trilioni 14. Sisemi pesa za wagonjwa na wasio na ajira zingepelekwa kwenye paneli za jua. Nasema kwamba kwa miaka kumi na moja jibu lilikuwa bajeti hazina nafasi, na katika miezi tisa nafasi ikaonekana. Baada ya hapo mtu atumie maneno mengine. Uingereza yenyewe, ikiwa mwenyeji, ilishusha misaada yake ya nje kutoka asilimia 0.7 hadi 0.5 ya pato la taifa mwaka 2021. Mkono mtupu haulambwi, hata ukiwa umeshika nyundo ya mwenyekiti.

Upande wa madeni, kundi la G20 lilisitisha ulipaji kuanzia Mei 2020 hadi mwisho wa 2021. Nchi 73 zilistahili, 48 zikashiriki, na dola bilioni 12.9 zikasogezwa mbele. Zikasogezwa, si kufutwa. Wakopeshaji binafsi waliombwa kushiriki kwa hiari, na hiari hiyo karibu haikuonekana. Nchi nyingine ziliogopa hata kuomba, zisije zikashushwa daraja la kukopesheka.

Kuna kitu kimoja kilichozaliwa hapo na bado kinatembea. Agosti 2021 IMF ilitoa Haki Maalumu za Kutoa Fedha, yaani akiba ambayo nchi inaweza kuibadili kuwa fedha, zenye thamani ya dola bilioni 650. Ziligawanywa kwa viwango vya uanachama, hivyo Afrika nzima ikapata kama bilioni 33. Ubaya wa mgao huo ndio uliozaa wazo la wenye nazo nyingi kuzikopesha upya, na mwaka 2022 ukaanzishwa mfuko wa IMF wa ustahimilivu na uendelevu: mikopo ya miaka 20, miaka 10 na nusu ya mwanzo bila kulipa mtaji, kwa mageuzi yanayohusu tabianchi na maandalizi ya majanga. Costa Rica, Barbados na Rwanda zilikuwa miongoni mwa za kwanza. Ni mikopo bado. Lakini bila korona, sioni njia ambayo ingefikisha haki hizo kwenye mada ya tabianchi kwa haraka namna hiyo.

Kama usingeahirishwa

Tarehe za awali za COP26 zilikuwa 9 hadi 19 Novemba 2020. Marekani ilipiga kura tarehe 3, na tarehe 4 ikatoka rasmi kwenye Makubaliano ya Paris. Mkutano ungefunguliwa siku tano baada ya Marekani kutoka, rais aliyeshindwa bado akiwa Ikulu, na ujumbe wake ukiwa hauna la kuahidi.

Badala yake ukumbi uliopangwa kwa mkutano, huko Glasgow, Uskoti, ulikuwa umegeuzwa hospitali ya muda. Marekani ikarudi kwenye Makubaliano 19 Februari 2021. Mkutano ulipokuja kufanyika, China na Marekani zilitoa tamko la pamoja, na Kifungu cha 6 kikapita: marekebisho ya hesabu ili upunguzaji mmoja usihesabiwe na nchi mbili, asilimia 5 ya mikopo ya kaboni ya mfumo wa pamoja iende kwenye Mfuko wa Kuhimili, na mikopo ya zamani ya Kyoto iruhusiwe ikiwa tu mradi ulisajiliwa kuanzia 2013.

Yaani ucheleweshaji uleule uliowaacha visiwa nje ya ukumbi ndio uliomrudisha ndani mtoaji mkubwa. Nimejaribu kuuweka mzani huu usawa na umenishinda.

Jumamosi ya 13 Novemba, siku moja baada ya muda kwisha, korido ilionyesha sura zake zote. Rasimu ya mwisho ilisema "kuondoa" umeme wa makaa ya mawe ambao hewa ukaa yake haidhibitiwi. John Kerry wa Marekani, Xie Zhenhua wa China, Frans Timmermans wa Umoja wa Ulaya na Alok Sharma, Mwingereza aliyekuwa rais wa mkutano, walionekana wakizunguka ukumbini na karatasi. Kisha Bhupender Yadav wa India akasoma pendekezo: "kupunguza hatua kwa hatua". Visiwa vya Marshall, Fiji, Uswisi na Meksiko zikasimama kulalamika kwamba mlango uliofungwa kwao umefunguliwa kwa wengine. Sharma akaomba radhi kwa jinsi utaratibu ulivyokwenda, sauti ikamkatika.

Akauliza kama kuna pingamizi. Vibao vyote vikalala.

Saa sabini na mbili

Tarehe 27 Machi 2020, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilijipa njia ya dharura, uamuzi 74/544. Rasimu inatumwa kwa barua kwa nchi zote. Zinapewa angalau saa 72. Asipojitokeza wa kupinga, imepita. Akijitokeza mmoja, imekufa.

Utaratibu huu wa kimya unafaa kwa tarehe, bajeti ya mpito na kuongeza muda wa viongozi. Kwenye jambo lenye mabano haufai, kwa sababu anayepinga halazimiki kukutana na mtu yeyote uso kwa uso. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hapa mshindo ni barua pepe ya mstari mmoja dakika ya mwisho.

Iwapo mipaka itafungwa tena, ningependa kuona mambo machache yakiwa yameandikwa kabla, mvua ikiwa bado haijanyesha. Orodha ya vipengele vinavyoruhusiwa kupita kwa kimya, na vile visivyoruhusiwa kabisa. Vituo vya kanda ambako wajumbe wanaoweza kusafiri kwa ndege moja fupi wakutane ana kwa ana, na vituo ndivyo viunganishwe, badala ya kuunganisha vyumba karibu mia mbili vya kulala. Namba ya simu ya akiba kwa kila ujumbe. Na kabla ya nyundo kugongwa, nchi ziitwe kwa majina: asiyejibu mara tatu, kipengele kinasimama mpaka apatikane.

Hili la mwisho lina tundu, nami sijalipatia kiraka. Mjumbe wa Apia saa saba usiku, intaneti ikimtoka, atalindwa. Lakini mwenye nia ya kukwamisha naye atakuwa ameelewa kanuni. Hatahitaji tena kusimamisha kibao na kueleza sababu zake mbele ya wenzake. Atachomoa waya.